"Unasumbuliwa na Nini?" Swali la Bima Linaloharibu Upimaji wa VVU

Leo naomba nianze na kisa changu mwenyewe, kwa sababu ndicho kilichonitoa kwenye tasnifu nikaja kuandika hapa.

Mwaka jana nilikwenda hospitali moja binafsi hapa Dar es Salaam kuangalia afya kwa ujumla. Siumwi, sina homa, nipo vizuri tu. Nilitaka kupima presha, sukari, na humohumo nipime VVU, maana mara ya mwisho ilikuwa zaidi ya mwaka umepita. Kadi ya bima ninayo. Mfukoni nina nauli.

Dada wa dirisha la bima akaniuliza: "Unasumbuliwa na nini?" Nikamwambia sisumbuliwi na kitu, nataka kupima tu. Akacheka, wala si kwa ubaya. "Dada yangu, bima hailipi 'nataka tu'. Ingia kwa dokta, akiandika kitu tutaona."

Dokta naye alikuwa mstaarabu. Akaitazama fomu, pale penye nafasi ya kuandika ugonjwa, akanitazama na mimi. "Sasa nikuandikie nini? Homa za mara kwa mara? Kupungua uzito?" Yaani ili nipate kipimo cha mtu mzima, kwanza nigeuzwe mgonjwa kwenye karatasi. Na si mgonjwa wa kitu chochote, bali mgonjwa wa kitu kinachofanana na UKIMWI, kwenye faili lenye jina langu.

Nikamshukuru, nikatoka. Nikapanda daladala hadi kituo cha afya cha serikali, nikapima bure, majibu nikayapata hata nusu saa haijafika. Hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Tangu siku hiyo nimekuwa najiuliza: inakuwaje kadi ninayoikatwa pesa kila mwezi ishindwe kufanya kitu ambacho kituo cha bure kinakifanya bila maneno? Na hicho kituo cha bure, analipa nani, na atalipa hadi lini?

Hoja yangu nitaisema mapema usije ukanisubiri. Bima ikidai sababu kabla ya kulipia kipimo cha VVU, inakiharibu kipimo chenyewe. Upimaji wa kawaida, ule wa kila mtu, una nguvu kwa sababu hauulizi sababu. Wenzetu Marekani wamebishana juu ya jambo hili kwa miaka mingi, na ubishi wao umeandikwa wote kwenye miongozo, sheria na hukumu. Kwa hiyo twende huko kwanza tukajifunze walikokosea, halafu turudi nyumbani, maana na sisi tuko njiani kuingia kwenye bima ya wote.

Daraja C

Marekani wana jopo la wataalamu linaloitwa Kikosi Kazi cha Huduma za Kinga. Kazi yake ni kusoma tafiti na kutoa madaraja kwa vipimo na huduma za kinga. A na B maana yake fanya, faida ipo. C maana yake faida ni ndogo, haistahili kupendekezwa kwa kila mtu. D maana yake acha.

Mwaka 2005 jopo hilo lilikipa kipimo cha VVU madaraja mawili tofauti. Kwa wajawazito na kwa watu walio kwenye hatari kubwa, A. Kwa watu wengine wote, C.

Ukiisoma haraka inaonekana ina mantiki. Kwa nini umpime mtu ambaye hana hatari? Lakini ngoja kidogo. Nani anajua kwamba hana hatari? Ili nijijue niko wapi, nahitaji kujua hali ya mwenzangu, na hali ya mtu aliyekuwa naye kabla yangu, na aliyemtangulia huyo. Mama aliyeolewa miaka kumi na mbili, hajawahi kutoka nje ya ndoa, akiulizwa maswali ya hatari atajibu hapana, hapana, hapana. Majibu yake ni ya kweli kabisa, na hayamlindi hata kidogo. Kigezo cha hatari kinampima mtu kwa anachokijua, wakati VVU inapita kwenye asichokijua.

Mwaka uliofuata, Septemba 2006, CDC, ambayo ndiyo taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ikaja na msimamo mwingine. Ikasema watu wote wa miaka 13 hadi 64 wapimwe VVU wanapokwenda hospitali, kama sehemu ya huduma ya kawaida. Mgonjwa aambiwe, na ana haki ya kukataa, lakini asijazishwe fomu maalumu ya ridhaa. Sababu zao zilikuwa nzito. Kati ya Wamarekani zaidi ya milioni moja waliokuwa wakiishi na VVU wakati ule, karibu robo hawakujua. Na makadirio yalionyesha kwamba hiyo robo ndiyo ilikuwa chanzo cha zaidi ya nusu ya maambukizi mapya ya njia ya ngono.

Sasa angalia kilichotokea. Taasisi moja inasema pima kila mtu, nyingine inasema kwa wengi faida ni ndogo. Kampuni ya bima ikiwekewa karatasi mbili namna hiyo, itachagua ipi? Si unajua. Mwongozo wa CDC ulikuwa ushauri, haukumlazimisha mtu kulipa. Bima nyingi zikabaki kwenye utaratibu wake wa zamani, kwamba kipimo kinalipwa kikiwa na ulazima wa kitabibu, yaani kuwe na dalili au kuwe na hatari iliyoandikwa.

Hapo ndipo lilipo kosa ninalolikosoa. Sisemi jopo lile lilikuwa na watu wajinga. Walisoma ushahidi uliokuwepo. Tatizo ni kwamba daraja lililokusudiwa kumsaidia daktari kufikiri likageuka mlango wa malipo, na mlango ule ukawa unafunguka kwa neno moja tu: kiri. Kiri una dalili, au kiri una tabia fulani. Na ugonjwa wenye unyanyapaa kama huu, ukidai watu wakiri kwanza ndipo uwapime, utawapata walewale waliokwisha kuamua.

Lakini bima nao wana hoja

Tusiwaonee. Kuna hoja ya kisayansi upande wao, na ukitaka kukosoa vizuri lazima uipitie.

Chukua mfano. Watu 10,000, kati yao mmoja katika kila elfu ana VVU. Hao ni watu 10. Kipimo chako ni kizuri: kinawanasa wote 10, na kwa wasio na virusi kinakosea kwa watu wawili tu kati ya elfu. Unaona ni kidogo? Piga hesabu. Wasio na VVU ni 9,990. Wawili katika kila elfu ni kama watu 20. Kwa hiyo kipimo cha kwanza kitakuletea watu 30 wenye jibu la "ndiyo", na kati yao 20 hawana kitu. Theluthi mbili ya waliotishwa wametishwa bure.

Ndiyo maana wapo waliosema kupima kila mtu kwenye jamii yenye maambukizi machache ni kupoteza pesa na kuvuruga watu. Lakini hesabu hii inaishia njiani. Hakuna mtaalamu anayetoa jibu la VVU kwa kipimo kimoja. Wale 30 wanapimwa tena kwa kipimo cha aina nyingine. Kama nacho kinakosea kwa wawili katika elfu, na makosa yake hayafanani na ya kile cha kwanza, basi kati ya wale 20 uwezekano wa kubaki hata mmoja ni mdogo sana. Na tangu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani linashauri majibu matatu ya "ndiyo" mfululizo kabla ya kumwambia mtu ana VVU. Kwa hiyo tatizo la majibu ya uongo lina tiba, nayo ni kipimo cha pili na cha tatu. Tiba yake haikuwa kubagua nani apimwe kwa kumuuliza tabia zake.

Hoja ya gharama nayo ilikuwa imeshajibiwa kwa sehemu kubwa. Februari 2005, miezi michache kabla ya daraja C kutoka, jarida la tiba la New England lilichapisha kazi za makundi mawili ya watafiti. Zote zilionyesha kwamba kupima kwa upana, hata mahali penye maambukizi kidogo, kunalipa kwa viwango vilevile vinavyokubalika kwa vipimo vingine ambavyo bima zilikuwa zinavilipia bila kelele.

Maneno machache ya California

Mwaka 2008 jimbo la California lilipitisha sheria, AB 1894, iliyoanza kazi Januari 2009. Ukiisoma ni fupi. Inazitaka bima zilipie kipimo cha VVU, iwe kinahusiana na ugonjwa mkuu wa mgonjwa au hakihusiani.

Nakuomba msomaji uirudie sentensi hiyo. Hawakusema bima ilipie kwa walio hatarini, wala hawakuandika orodha ya dalili. Waliondoa swali. Umekuja na mafua, umekuja na mguu uliovunjika, umekuja na afya yako timamu, kipimo kinalipwa. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sera bora iliyoandikwa juu ya jambo hili, kwa sababu aliyeiandika alijua kikwazo kipo kwenye fomu. Nikikumbuka dokta wangu na kalamu yake juu ya ile nafasi ya ugonjwa, naona kabisa sheria hii ingetuokoa wote wawili kwenye aibu.

Kitaifa ilichukua muda zaidi. Sheria ya afya ya mwaka 2010, ile wengi wanaiita Obamacare, ilizilazimisha bima kulipia bila makato huduma zote zenye daraja A au B. Vizuri. Ila kipimo cha VVU kwa mtu wa kawaida bado kilikuwa C. Mpaka Aprili 2013 ndipo jopo lilipokipandisha kuwa A kwa watu wote wa miaka 15 hadi 65.

Kilibadilika nini katikati? Sayansi. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti uitwao HPTN 052, uliofanyika kwenye nchi tisa, Kenya ikiwemo, ukiwafuata wapenzi na wanandoa 1,763 ambao mmoja ana VVU na mwenzake hana. Wale walioanzishiwa dawa mapema, uwezekano wa kuwaambukiza wenzao ulipungua kwa asilimia 96. Kabla ya hapo kipimo kilihesabiwa zaidi kwa faida ya aliyepimwa. Sasa ikawa wazi kwamba kinamlinda na ambaye hayupo kwenye chumba cha daktari. Kwa hiyo familia zilizojitolea Kisumu na kwingineko barani zimechangia kumfanya Mmarekani apime bila kulipa. Hilo halisemwi sana.

Kulipiwa hakutoshi

Sasa nisije nikakuuzia bima kama dawa ya kila kitu. Daraja A lipo tangu 2013, lakini mwaka 2019 CDC yenyewe ilitoa takwimu kwamba Wamarekani waliowahi kupima VVU hata mara moja maishani hawafiki asilimia 40. Malipo yanafungua mlango, hayamvuti mtu aingie. Daktari asiyesema "leo tunakupima na VVU kama tunavyompima kila mtu" bado ni kikwazo, hata bima ilipe vipi.

Kuna na suala la barua. Kule, ukitumia bima, mwenye bima anatumiwa maelezo ya huduma iliyolipiwa. Na sheria inaruhusu mtoto abaki kwenye bima ya mzazi hadi afikishe miaka 26. Fikiria kijana wa miaka 20 anapima, wiki mbili baadaye bahasha inafika nyumbani kwa baba. Kipimo kililipwa, siri imetoka. California ikabidi iweke sheria nyingine, iliyoanza Julai 2022, kwamba taarifa za huduma nyeti zipelekwe kwa mhudumiwa mwenyewe, si kwa mwenye bima.

Halafu kuna mahakama. Kesi ilianza Texas mwaka 2020, waajiri kadhaa wakipinga kulazimishwa kulipia dawa za kinga dhidi ya VVU kwa sababu za imani, na wakadai kwamba lile jopo la madaraja limeundwa kinyume cha katiba. Kama wangeshinda, hata ulipiaji wa kipimo ungetikisika. Juni 27, 2025 Mahakama ya Juu ikaamua, majaji sita dhidi ya watatu, kwamba jopo liko kihalali. Lakini sababu waliyoitoa ni kwamba waziri wa afya ana mamlaka juu ya wajumbe wake, anaweza kuwaondoa na kuyapitia mapendekezo yao. Maana yake daraja A limebaki, ila limesogezwa karibu na meza ya mwanasiasa. Haki iliyokalia daraja inakaa kwenye kiti ambacho mtu anaweza kukivuta.

Turudi nyumbani

Sasa unaweza kusema, haya ya Marekani yanatuhusu nini, sisi VVU tunapima bure? Ni kweli. Na tumefika mbali. Wengi wenu mnakumbuka Julai 2007, Rais Kikwete na mkewe walipopima hadharani pale Mnazi Mmoja. Utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulionyesha kwamba kati ya Watanzania wenye VVU wa miaka 15 na kuendelea, asilimia 82.7 wanajijua. Na ukitaka kuona upimaji usiouliza sababu unavyofanya kazi, nenda kliniki ya wajawazito. Mama akija mara ya kwanza anapimwa, kama anavyopimwa damu na presha. Hakuna anayemuuliza "umefanya nini hadi unataka kupima?" Ndiyo sababu mojawapo wanaume wako nyuma ya wanawake katika kujua hali zao: wao hawana kliniki inayowangoja.

Lakini "bure" si kwamba hakuna anayelipa. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya vitendanishi, dawa, na hata mishahara ya wanaotoa unasihi imetoka kwa Mfuko wa Dunia na kwa PEPFAR, mpango wa Marekani ulioanza 2003. Januari 20, 2025 amri moja ilisainiwa Washington kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na watu waliokuwa kazini Ijumaa hawakujua kama Jumatatu watarudi. Tumeshaona kwamba kituo changu cha daladala moja kinaweza kutikiswa na kalamu ya mtu ambaye hatujampigia kura.

Wakati huohuo tunajenga bima. Tanzania tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Kenya nao mwaka huohuo walipitisha yao, na Oktoba 2024 mamlaka mpya ya SHA ikachukua nafasi ya NHIF. Ikifika siku pesa za wafadhili zimepungua kweli, kitu cha kwanza kitakachosemwa ni: kipimo cha VVU kiingizwe kwenye bima. Itasikika vizuri. Ndiyo siku ninayoiogopa, kama bima yenyewe itakuwa ile iliyoniuliza ninasumbuliwa na nini.

Kwa hiyo kabla hatujafika huko, mimi nataka mambo matatu yaandikwe wazi.

La kwanza, kipimo kilipwe pasipo ugonjwa kuandikwa. Kama California walivyofanya. Fomu iwe na nafasi ya "uchunguzi wa kawaida" na iishie hapo. Daktari asilazimike kunitungia homa.

La pili, siri ya mtegemezi. Sheria yetu ilirekebishwa mwaka 2019, sasa kijana wa miaka 15 anaweza kuridhia kupima mwenyewe bila mzazi. Hatua nzuri. Lakini kama bima inamtumia mwanachama mkuu ujumbe wa simu kila huduma inapotumika, tumempa kijana haki kwa mkono mmoja na kumnyang'anya kwa mwingine. Hili linamhusu na mke aliye kwenye kadi ya mume, na mume aliye kwenye kadi ya mke.

La tatu, asiye na kadi asiachwe. Kenya wamegawa pesa zao kwenye mifuko mitatu: wa afya ya msingi, wa bima ya jamii, na wa dharura na magonjwa sugu. Mfuko wa afya ya msingi haumdai mtu michango. Kipimo cha VVU mahali pake ni pale, kwa walipa kodi wote, kama chanjo. Kukifunga kwenye michango ni kumwambia bodaboda aliyeruka miezi mitatu kwamba kujua hali yake ni starehe ya waliolipa.

Na tuelewane, kulipiwa si kulazimishwa. Mtu abaki na haki ya kusema "leo hapana". Ninachokataa ni kumlazimisha anayesema "leo ndiyo" ajieleze.

Nimalizie na lako wewe msomaji. Kama una kadi ya bima, chukua kile kijitabu cha mafao, au wapigie simu, uwaulize swali moja: "Nikija siumwi, mnanilipia kipimo cha VVU?" Usikubali jibu la "inategemea", waulize inategemea nini. Na kama hujapima muda mrefu, kituo cha serikali kilicho karibu nawe leo bado ni bure. Nenda. Wakikuuliza kwa nini, waambie kwa sababu upo hai.